Halmashauri ya Kulithamini Gari la Bwana Haverstock

Inatangazwa kwa raia wote wa Ifakara, wa dini zote na wa kazi zote, kwamba mwaka huu wa 1954 mji wetu umepata heshima ambayo hata Morogoro hawajaipata: tumepewa halmashauri rasmi ya kulithamini gari la mbio. Mimi, Leodegar, karani daraja la tatu, ndiye katibu wake. Nayaandika yaliyotokea ili watu wa mitaani waache kuyasimulia wanavyotaka wao.

Gari lenyewe ni la Bwana Haverstock, mkaguzi wa barabara, aliyelileta kwa meli kutoka kwao, kisha kwa lori, limefunikwa shuka nne za kitanda. Lilitengenezwa kabla ya vita. Rangi ya kijani, boneti ndefu iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi, magurudumu ya spoki, mkia uliochongoka. Paa halina, milango halina, na tumbo lake linapita juu ya ardhi kwa kimo cha ngumi moja. Nakiri bila aibu: nilipoliona mara ya kwanza nililipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha serikali, pamoja na mshahara.

Bwana alitaka raia nao walipende, lakini kwa utaratibu. Kwa hiyo halmashauri ya watu watatu, yaani Bwana mwenyewe, mimi, na Mzee Mwinyimvua mwenye duka na madebe ya petroli, ilikaa ikapitisha kanuni. Barabara ya kwenda kivukoni ilikwisha kusawazishwa hadi ikawa laini kama uji, basi kitu chochote kizito kisiburutwe kuivuka hadi Siku ya Uthamini. Mitumbwi yote iliyofungwa kando ya barabara ihamishiwe ng'ambo ya mto, kwa kuwa maumbo yake yatachafua macho ya watazamaji. Watazamaji nao waanze kuthamini boneti, ndipo waende kwenye mkia. Kuruka hatua ni kosa, na kucheka ni kosa kubwa zaidi. Mzee Mwinyimvua alijibu kila kipengele, "Sawasawa," akauliza kama kikao kina chai.

Kesho yake akaja Dionisi, mchonga mitumbwi, pamoja na mkewe Kandida. Ni mtu wa umri wa baba yangu. Sikumwamkia. Mtu akiwa kazini hana umri.

"Karani," alisema, "mtumbwi wangu umekwisha. Uko porini, upande wa huku wa barabara. Miezi minane nimeuchonga. Naomba kuuburuta uende majini."

"Barabara haivukwi. Rudi baada ya majuma matatu."

"Mpunga wetu uko ng'ambo, umeiva. Mtumbwi wa zamani umeoza, hauwezi kutuvusha. Na huu mpya, jua la mwezi wa tano likiupiga kabla haujaonja maji, utapasuka."

"Majuma matatu!" alisema Kandida. "Ndege watatubakizia nini, mwanangu? Mabua?"

Nilikuwa natafuta fomu ya kuwakatalia Bwana alipotoka ofisini kwake. Aliposikia neno kuchonga, macho yalimng'aa. Huyu, alifikiri, ni mtu wa maumbo. Akamshika Dionisi mkono, akampeleka uani, akaondoa shuka zote nne.

Dionisi alilizunguka gari mara mbili. Alivua kofia. Aliweka kiganja juu ya mkia akakipitisha taratibu mpaka ncha, halafu akarudia. Sijaona mtu akithamini namna ile, wala baada ya hapo sijaona.

"Aliyetengeneza mkia huu," alisema, "anajua maji. Yataachana nao bila kelele."

Bwana alitabasamu mpaka masikioni.

"Ila pua mbovu. Imeachwa wazi. Itakunywa."

"Hii gari!" Bwana alifoka. "Hii hapana mtumbwi! Wewe hapana jua kitu!"

"Ndiyo, Bwana. Lakini itakunywa."

Nikaandika katika kumbukumbu: maombi yamekataliwa, mwombaji hana jicho. Nikampa barua yake, nikagonga mhuri kwa nguvu zangu zote.

Siku ya Uthamini ilifika. Mvua ilikwisha zamani, lakini maji ya mafuriko bado yalikuwa yametanda bondeni, yakilamba kingo za barabara. Watu walipangwa pande zote, kutoka sokoni hadi karibu na kivuko, wengine wametembea tangu Mkula. Bwana alivaa kofia ya ngozi na miwani ya vumbi. Gari likanguruma. Kuku walipotea, na mbwa wa Mzee Mwinyimvua mpaka leo hajaonekana.

Sitakataa, lilikuwa zuri. Lilipita mbele yetu likiwa chini chini, boneti inameta, na mimi machozi yalinitoka. Watu wakathamini boneti. Kisha, kwa mujibu wa kanuni, ilikuwa zamu ya mkia, na Bwana akageuka nyuma kuhakikisha kwamba mkia unathaminiwa ipasavyo. Hapo ndipo ilipo kona.

Gari liliiacha barabara bila ugomvi wowote. Likateremka, likaingia majini, na kwa jinsi lilivyo jepesi likaendelea kuteleza hadi hatua themanini hivi, likakwama kwenye tope, pua chini. Watazamaji, nawasifu, hawakucheka. Walithamini mkia, kwa kuwa ndio pekee ulioonekana. Bwana alikuwa ameukalia.

Maji yalimfika magotini. Kiboko mmoja akainua kichwa, akatazama gari, akazama.

"Karani!" Bwana alipiga kelele. "Lete mtumbwi! Upesi!"

Mitumbwi yote ilikuwa ng'ambo, kwa kanuni yetu. Ulibaki mmoja tu. Nilikimbia mpaka porini, soksi zimeshuka.

"Shikamoo, Mzee Dionisi. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Kandida. "Kumbe leo tumezaliwa kabla yako."

"Mzee, mtumbwi wako unahitajika."

Dionisi alitoa barua mfukoni, akainyoosha juu ya paja. "Nimekatazwa kuvuka. Ona, ina mhuri. Mimi sitaki kesi."

Alikuwa na haki. Katazo la halmashauri hutenguliwa na halmashauri, wajumbe wote watatu wakiwepo. Nikarudi mbio hadi ukingoni, nikasimama wima, nikafungua kikao kwa kupaza sauti.

"Ajenda ya kwanza! Ruhusa ya kuburuta mtumbwi!"

"Ndiyo!" ilitoka majini.

"Sawasawa," alisema Mzee Mwinyimvua.

"Andika ni siku zote," alisema Dionisi, aliyekuwa amenifuata polepole. "Si leo tu."

"Bwana! Anasema siku zote!"

Bwana alianza kueleza jambo kuhusu uso wa barabara. Kiboko akainuka tena, safari hii karibu zaidi, akiwa na mwenzake.

"Zote!" Bwana alilia. "Siku zote! Zote!"

Umati mzima ukashika kamba. Mtumbwi ulitoka porini ukivutwa kwa wimbo, ukachora mfereji katikati ya ile barabara laini. Wimbo ulikuwa na jina langu ndani yake. Maneno mengine hayafai kuandikwa katika ripoti.

Ukingoni Dionisi aliinama, akapapasa tumboni mwa mtumbwi. Ufa ulikuwepo, urefu wa mkono, umefunguka kwa majuma matatu ya jua. Kandida alirarua pindo la kanga yake akalishindilia ndani ya ufa. Niliona haya kweli kweli, haya ya mtu mzima, na sikupata fomu yake.

Tukaingia, Dionisi nyuma na kasia, mimi katikati, Kandida mbele na mundu wake wa kuvunia. Bwana tulimkuta anatetemeka juu ya mkia. Alishuka, akakaa kwa heshima zake zote, akavua miwani. Pindo la kanga likaachia, na maji yakaanza kupanda.

"Chota, Bwana," alisema Dionisi.

"Mimi?"

"Kasia ninalo mimi."

Kopo halikuwepo. Bwana alitazama huku na huku, akavua kofia ya ngozi, akaanza kuchota. Mimi nilitumia kiatu. Ndipo nilipoona kwamba mtumbwi hauelekei barabarani walikosimama watu. Umeelekezwa mtoni.

"Ofisi kule!" alisema Bwana.

"Na mpunga kule," alisema Kandida, akionyesha ng'ambo kwa mundu. "Majuma matatu unatungoja."

Bwana akapima kwa macho upana wa maji, akapima na yale yaliyokuwa yamefika kwenye soksi zake. Mkaguzi hubaki mkaguzi.

"Hii," aliuliza, "naweza kwenda maili ngapi kwa saa?"

Dionisi alipiga kasia moja ndefu.

"Inategemea, Bwana, utakavyochota."