Zohali, Supaglu na Kona ya Paa

Jumatatu, 7 Oktoba
Baba mkwe ametoa hukumu. Shemeji, yaani kaka wa mke wangu, anaitaka kona yangu ya paa ajenge banda la kuku. Darubini yangu iko pale tangu mwaka jana. Lakini nyumba ni ya mzee, na paa ni la mzee. Amesema Jumamosi jioni atapanda mwenyewe. Akiziona pete za Zohali kwa jicho lake, kona ni yangu. Asipoziona, ni ya kuku.

Nimekubali papo hapo. Shemeji naye amekubali, tena kwa haraka iliyoniudhi.

Tatizo ni moja tu, dogo. Kigurudumu cha kunolea picha kina pupa. Ukikigusa, Zohali inapitiliza na kuwa uji. Ukikirudisha, uji wa upande wa pili. Haidhuru. Mimi ni msoma mita za maji, vitu vidogo ndiyo kazi yangu. Kwa mtu mwenye utaratibu, hii ni shughuli ya jioni moja.

Jumanne, 8 Oktoba
Suluhisho: kibanio cha nguo! Kinauma kigurudumu, mkia wake unakuwa mpini. Kidole kinasogea sana, picha inasogea kidogo. Hesabu safi. Nilichomoa kimoja kwenye kamba ya uani.

Jioni nilivua miwani yangu kama kawaida, maana inagonga kioo cha kuchungulia. Nikasukuma mkia kwa ukucha. Pete zikaja! Nikageuka kuwaita watu, kiwiko kikapiga kibanio. Uji.

Kumbe kibanio kilikuwa kimeshika shati la kazini la shemeji. Limekutwa ndani ya sanduku la vifaranga wake, wameshalizoea. Shemeji anasema ni hujuma. Nimemjibu kuwa ni utafiti.

Jumatano, 9 Oktoba
Kibanio kilikuwa wazo la kitoto. Kinachotakiwa ni upana. Nimechukua kifuniko cha sufuria kubwa, nikakitoboa katikati, nikakivisha kwenye kigurudumu. Sasa ni usukani wa lori. Nazungusha upana wa kiganja, picha inasogea unywele.

Pete zilikaa. Hata pengo jeusi kati ya pete na sayari nililiona. Nilicheka peke yangu juu ya paa. Kisha ukaja upepo, ukakishika kifuniko, kikajizungusha chenyewe. Uji tena.

Chini, mke wangu amefunika wali kwa sinia. Amesema kifuniko kirudi kesho kabla ya chakula cha jioni, na kirudi bila tundu. Sharti la kwanza linawezekana.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimegundua kosa. Siku zote nimekuwa nikitafuta namna ya kuzungusha vizuri. Mtu mwenye akili hutafuta namna ya kutozungusha tena! Zohali haitusogelei wala haitukimbii. Kwa nini inolewe kila jioni? Inolewe mara moja, ifungwe, basi.

Giza lilipoingia upepo ulikuwa umelala. Nikavua miwani. Nikazungusha kifuniko taratibu hadi pete zikawa kali kama kisu kipya. Nikabana pumzi. Nikamwaga gundi ya supaglu kwenye kigurudumu, kwenye mhimili wake, kila penye upenyo. Kidole gumba nacho kiliganda kidogo. Kifuniko nimekibandua kwa bisibisi, kikafika jikoni kwa wakati. Kuhusu tundu, nimemweleza mke wangu kuwa vifuniko vyote vya kisasa vina tundu la mvuke. Alikitazama kifuniko, akanitazama mimi, akapakua.

Ijumaa, 11 Oktoba
Shemeji amepanda na futi ya kupimia. Anapima kona yangu mimi nikiwa nimesimama humo humo! Ameuliza kwa upole kama darubini itapenda kulala na majogoo au na mitetea. Mshindi hana haja ya kubishana.

Kwa usalama nimeandika kibao, herufi ndogo zilizonyooka, nikakifunga kwenye mguu wa darubini: USIGUSE. PICHA IMESHANOLEWA. TUMIA JICHO TU.

Mke wangu aliomba achungulie, ahakikishe. Nimemkatalia. Angepumulia kioo. Tena kuhakikisha nimeshahakikisha mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mzee alipanda ngazi polepole. Mke wangu nyuma yake. Shemeji wa mwisho, na mbao mbili begani. Mbao tayari!

Nikaweka Zohali katikati ya kioo. Kali kama kisu. Nikampisha mzee. Aliinama muda mrefu, kisha akasema anaona taa ya barabarani kwenye ukungu. Shemeji akachungulia, akasema yeye anaona yai, na yai ni dalili nzuri. Mke wangu akasema uji. Hawa ni damu moja, nikajua wamekula njama. Nikachungulia mimi: pete zipo, safi kabisa!

Mke wangu aliitazama miwani iliyokuwa mfukoni mwa shati langu.

“Umeigandisha kwa kipimo cha macho yako mwenyewe, baba watoto,” alisema. “Wewe ndiye usiyeona mbali. Sisi tunaona.”

Akashika kigurudumu azungushe. Wapi. Shemeji akajaribu, akaweka hata ubao kama mtaimbo. Darubini nzima ilizunguka, kigurudumu hakikutikisika. Hata katika saa ile ngumu niliisifu supaglu kimoyomoyo.

Shemeji akaanza kulaza mbao chini, akipanga ukuta wa banda.

Mzee akauliza kile kibao kinasema nini. Nikasema hakina maana tena. Yeye si mtu wa kuacha maandishi bila kuyasoma. Akatoa miwani yake ya kusomea, akaivaa, akachuchumaa, akasoma neno kwa neno. Akasema sawa, jicho tu, nikamrudishia Zohali katikati ya kioo. Akainama kuchungulia tena, miwani bado usoni.

“Imevaa kofia ya pama,” alisema mzee.

Shemeji akauliza nani kavaa pama.

“Sayari. Na ukingo wa pama unauona.”

Miwani ya mzee ikapita mkono kwa mkono. Mke wangu akaziona pete. Shemeji akaziona pia, akang'ang'ania hadi mzee akamwambia asogee. Kona ni yangu!

Jumapili, 13 Oktoba
Mke wangu anadai nimeokolewa na miwani ya baba yake. Eti macho yasiyoona karibu yamekutana na macho yasiyoona mbali, basi. Hajui mambo. Kibao niliandika mimi, herufi ndogo nilichagua mimi. Huo unaitwa mpango.

Mzee kapanda tena leo na kiti chake. Miwani anayo yeye, kwa hiyo zamu anagawa yeye. Shemeji kawekwa wa pili. Mimi wa mwisho, lakini ni katika kona yangu.

Wakiwa juu, nimeona redio ya mzee sebuleni inahamahama stesheni. Kigurudumu chake kina pupa ile ile. Nimetafuta stesheni ninayoipenda mimi, nimeipata, sauti safi kabisa. Chupa ya supaglu bado ina nusu.