Bwana Afya Dirishani

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto la kaskazi. Baraza langu tupu. Tangu nistaafu kufundisha sayansi, wazee wa Magogoni wamekuwa wakinywa kahawa kwangu kila baada ya alasiri, nami nikiwaeleza mambo: kwa nini bahari hujaa na kupwa, kwa nini maziwa huganda. Leo wote wako kwa jirani yangu Munga. Munga amepata kasuku. Kasuku huyo hujibu "Marahaba!" kabla hata hujamwamkia. Mansur, fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akimpa ndege shikamoo na kucheka hadi kofia ikamdondoka. Nimeona yote kupitia ua. Inauma.

Mke wangu Dama asema wazee hawakumfuata kasuku, wameyakimbia maelezo. Dama hakusoma sayansi.

Nimempigia simu Ruwa, mwanafunzi wangu wa zamani, afugaye wadudu wa kulisha kuku kule Changamwe. Ana mende wa Madagaska! Wakubwa kama kidole gumba, hawana mabawa, na wakichokozwa hulia "ssss" kama maji kwenye kikaango cha moto. Kasuku gani atafua dafu hapo?

Jumatano, 5 Februari

Mende wamefika. Nimewaweka kwenye tangi la kioo lililokuwa la samaki. Dume mkubwa, mwenye vinundu viwili kama pembe, nimempa jina Bwana Afya, kama tulivyozoea kumwita mkaguzi wa usafi. Dama asema amepigana na mende jikoni tangu tuoane, na leo wameletwa kwa tuktuk na kukaribishwa kwa karoti. Amenikatalia pia Vaseline yake ya kupaka ukingoni mwa tangi ili wasipande wakatoka. Nimepaka mafuta ya nazi. Mafuta ni mafuta.

Jioni nikawaita wazee. Wakaja! Mansur, Kai muuza makuti, hata Munga mwenyewe. Bwana Afya hakulia. Nikaona nijaze pengo. Nikaeleza kwamba sauti yake haitoki mdomoni, hutoka kwenye vitundu vya ubavuni, na vitundu hivyo kazi yake ni kupumulia, na kupumua kwenyewe ni nini? Mansur akasema anawahi Magharibi. Jua lilikuwa bado linachoma. Munga akaniambia kwa huruma kwamba mende wa jikoni kwake nao hawalii, nikitaka ataniletea.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango mpya. Mende huyu ni wa kusikiwa, si wa kutazamwa. Nimehamishia tangi kwenye dirisha la uchochoroni. Wapita njia wasikie wenyewe, waulize. Mtu aliyeuliza hawezi kulikimbia jibu.

Saa kumi Bwana Afya akapambana na dume mwenzake. Ssss! Mara mbili, kwa nguvu. Nikakimbilia dirishani na kikoi changu na fulana, uso mzima tabasamu. Nje alikuwa akipita Mwanasaumu, mke wa Mansur. Akageuka. Akaniona.

Lazima nieleze, ingawa msomaji hapa ni mimi peke yangu: kwetu "ssss" ndivyo vijana wasio na adabu wanavyowaita wanawake njiani.

Mwanasaumu akaniuliza, kwa sauti ya kufika steji ya matatu, kama sioni haya, mvi zote hizi, kumwita mke wa mwenzangu kama makanga. Nikasema si mimi, ni mende. Sasa naona halikuwa jibu zuri. Akasema wallahi Mansur ataambiwa, na mende huyo atatajwa pia.

Jumamosi, 8 Februari

Nilimpa Mansur sabalkheri. Akautazama mnazi. Hata muuza mbaazi kanipita bila kunadi.

Nimekaa barazani peke yangu, nikawaza. Nilidhani ninachopenda ni kusema. Kumbe ninachopenda ni vikombe kugongana, na mtu kuniambia, "Mwalimu, sogea kidogo." Nimewafundisha watoto wa mtaa huu, na watoto wao. Leo jina langu linamalizwa na mdudu ambaye hata sauti yake haitoki mdomoni.

Dama kapika mchuzi wa papa, kapakua. Nikamweleza tena habari ya vitundu. Akasema ananiamini, basi ninyamaze tule.

Jioni Munga akaleta ujumbe: wazee wananingoja kesho kwake, nikajieleze. Nijieleze! Nitakwenda na shahidi.

Jumapili, 9 Februari

Nilikwenda baada ya ibada, tangi kifuani, Dama nyuma yangu. Wote walikuwapo. Mwanasaumu kajitanda leso, mgongo kanipa mimi. Nikaanza na asili ya wadudu. Nikafika Madagaska. Nikamgusa Bwana Afya alie. Kimya. Nikampuliza. Kimya. Kasuku akasema "Marahaba!"

Kumbe kwa joto hili mafuta ya nazi yalikuwa yamechuruzika yote chini. Mende wakapanda. Wakatoka! Kai akasimama juu ya kiti. Bwana Afya akatembea katikati ya sinia la kahawa kama mwenye nyumba. Mansur akainuka. Akasema kumbe nimekuja kuwafanyia mzaha, na tangu leo nisikanyage baraza lolote alipo yeye.

Nisikanyage baraza! Mimi!

Hapo Dama akasimama. Akauliza kama kuna mtu hapa aliyewahi kunisikia nikisema jambo fupi. Kai akatikisa kichwa kule juu ya kiti. Akasema siku niliyokwenda kumposa nilianza na chimbuko la ndoa duniani, mamake akalala kitini. Leo nimwite mwanamke kwa "ssss" tu, kisha ninyamaze? "Mwanasaumu, dadangu," akasema, "huyu angekuwa anakuita wewe, hadi sasa ungekuwa bado pale dirishani, hajamaliza."

Mabega ya Mwanasaumu yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kicheko! Mansur naye akajikaza, akashindwa. Akamwondoa Bwana Afya kwa kijiko, akanimiminia kahawa. "Keti, Mwalimu. Lakini keti tu."

Jumanne, 11 Februari

Mansur na Kai wako barazani kwangu tangu jana. Kahawa, kashata. Wakinitazama wanacheka. Sijali.

Nimetafakari kilichoniokoa. Bila shaka ni yale maelezo ya asili ya wadudu. Dama alimalizia tu. Inasikitisha kwamba nilikatizwa nikiwa bado Madagaska. Leo nimeendelea pale nilipoachia. Kai akasinzia. Mansur akajitolea kwenda kuosha vikombe.

Kosa nimeliona. Mende ni mdogo mno. Mtu aliyekaa pembeni hamwoni, anachoka. Ruwa anamjua mtu wa Shelly Beach mwenye kenge, mrefu kama mkono wangu, naye akikasirika hutoa sauti ile ile, ila kubwa zaidi. Analetwa kesho. Nitamweka dirisha lile lile la uchochoroni. Pale pana hewa nzuri.