Kabati la Mama Mkwe

"Daraja limekamilika kabla ya wakati!" Kodi alisoma gazeti kwa sauti, benchi zima la kijiwe cha kahawa likageuka. "Tatizo moja tu, barabara ya kulifikia haipo."

Kicheko kikalipuka. Aliyecheka kuliko wote ni Randa, seremala, maana leo alikuwa kama mfungwa aliyeonyeshwa lango. Kabati la mama mkwe wake limekwisha, na mama huyo, aliyehamia kwake akilisubiri, ameapa kuondoka nalo. Mkokoteni ulikuwa njiani.

"Mnacheka, hamjui," alisema Semina, mtu asiyekosa semina yenye chakula. "Mradi una hatua zake: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia, kufunga. Halafu kuna maarifa ya kusimamia: muda, gharama, ubora, hatari, watu…"

"Hatari inakaa hatua ya ngapi?" Kodi akauliza.

"Haikai! Unaiwaza tangu kupanga, unaichunga mpaka mwisho. Maarifa yanapita ndani ya hatua, yanaingia huku na kule."

"Kama mama mkwe wangu!" Randa akadakia. "Jikoni yumo, sebuleni yumo. Nikimnong'oneza mke wangu, anayejibu ni yeye!"

Wakagonganisha viganja, kahawa ikamwagika.

"Mimi sina mambo mengi," Randa akaendelea kujitapa. "Nimeanza, nimemaliza. Kila kiungo gundi na misumari. Kabati lile hata tembo halibomoi!"

"Ubora huo," Semina akakubali. "Umelitengenezea wapi? Si karakana yako inavuja?"

"Sebuleni kwangu. Pakavu safi."

"Na mlango wa sebule ulishaupima?"

Randa akaweka kikombe chini polepole, kisha akachomoka mbio, kandambili moja ikabaki kijiweni.

Wenzake walipomfikia nyumbani, wasukuma mkokoteni walishalisimamisha kabati, wakalilaza, wakaligeuza ubavu. Mlango ulikuwa umekataa kote.

"Nipeni nyundo! Navunja fremu ya mlango!" Randa akafoka.

"Thubutu," alisema Kodi, ambaye ndiye mwenye nyumba.

"Kaka, ukuta je? Kidogo tu!"

"Gusa uone!"

Mama mkwe, mkoba begani, akalitazama kabati. Akautazama mlango. Akavua viatu.

"Mwanangu, mimi nilisema naondoka na kabati langu. Kauli yangu siibadilishi."

Akafungua mkoba, akaanza kutundika magauni yake, moja moja.

"Na kwa kweli," akasema, "hapa limekaa vizuri."