Operesheni Rudisha Hamu

Landrova ya serikali ilikuwa imeshapita Migwani ikielekea Nuu na vumbi lake lote, na Bwana Mwangangi, Afisa wa Elimu wa Tarafa, alikuwa ameketi mbele na kipaza sauti mdomoni, akiwatangazia mbuzi. Watu walikuwa shambani. Mbuzi ndio waliokuwa barabarani.

"Wananchi watukufu," alisema, "kuanzia leo tumetangaza vita dhidi ya kutosoma. Operesheni Rudisha Hamu imeanza rasmi. Mtu yeyote aliye na kitabu nyumbani asikikimbize. Atafikiwa."

Mbuzi walipisha njia. Musembi, karani wa tarafa, ambaye ndiye aliyeshika usukani siku hiyo, aliandika kwenye ripoti baadaye kwamba mwitikio ulikuwa mzuri.

Vita hivi vilikuwa na chanzo cha kitaalamu kabisa. Miezi miwili kabla, Bwana Kiilu, Mkaguzi Mkuu kutoka mkoani, alikuja kuzuru shule ya msingi. Kuku alikuwa ameshaiva kwa mwalimu mkuu, kwa hivyo Mkaguzi alipata nafasi ya kuhoji mtoto mmoja tu.

"Wewe msichana, unapenda kusoma vitabu gani?"

"Sipendi," mtoto akasema. "Zamani nilikuwa napenda."

Bwana Kiilu akaandika kwamba asilimia mia moja ya watoto waliohojiwa wamepoteza hamu ya kusoma, na kwamba hali hiyo ni ya dharura. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, jina lake Mutindi, na baba yake alikuwa amesimama pale pale kando ya Mkaguzi, amebeba mkoba wa Mkaguzi. Baba huyo alikuwa Bwana Mwangangi.

Barua ilifuata. Mkaguzi angerudi Siku ya Kusoma. Siku hiyo mtoto yule yule angesoma mbele ya wananchi kwa dakika kumi na tano, kwa hiari yake, bila kutishwa. Akishindwa, Bwana Mwangangi angehamishwa kwenda kituo ambacho hata kwenye ramani ya serikali kiliandikwa kwa penseli.

Uhamisho ulimkosesha Mwangangi usingizi, lakini lile neno "zamani" ndilo lililomchoma. Lilikuwa kweli. Mutindi alianza kusoma kabla ya kwenda shule: kalenda ukutani, karatasi ya dawa ya mbuzi, chochote. Kisha serikali ikaleta vitabu shuleni, na kusoma kukaisha. Vitabu viliwekwa kabatini kwa kufuli ili visichakazwe na wasomaji. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa semina. Kitabu kimoja kilichobaki nje kilikuwa na maswali kumi na mawili kila baada ya ukurasa. Kwa nini Juma alienda sokoni? Eleza kwa sentensi kamili. Mutindi, ambaye mwanzoni alimpenda Juma kama ndugu, alifika mahali akaomba Juma akae tu nyumbani.

Basi Kamati ya watu saba iliundwa. Kamati Ndogo ya Kicheko ilipewa kazi ya kuamua ni kurasa zipi mtoto anaweza kuchekea na kwa sauti ya kiasi gani. Landrova ilizunguka Nuu, ikazunguka Kanyangi, ikarudi na vitabu arobaini na kimoja. Kumi na tano vilihusu kuzuia mmomonyoko wa udongo. Tisa vilihusu josho la ng'ombe. Kimoja kilikuwa orodha ya vipuri vya trekta kwa Kijerumani. Na kulikuwa na hadithi moja ya mapenzi iliyokosa mwanzo na mwisho, ambayo wanakamati walilazimika kuikagua mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake.

Mutindi aliitwa ofisini. Musembi akamwekea fomu.

"Andika hapa kiwango cha hamu kabla ya kusoma."

"Sifuri."

"Kwa maneno."

"Sifuri tupu."

"Hakuna nafasi ya 'tupu'. Haya, chagua kitabu."

Mutindi akatazama rundo. Akachukua kile cha josho, akasoma mistari minne, akakirudisha taratibu kama mtu anayerudisha nyoka.

"Kiwango baada ya kusoma?" Musembi akauliza.

"Kuna namba chini ya sifuri?"

"Hizo ni za sekondari," Musembi akasema, na akaandika sifuri tena.

Vitabu vikakosa pa kuwekwa. Bwana Mwangangi, mtu wa maamuzi, akatia sahihi agizo: majalada yote ya zamani yaondolewe kabatini ili Hamu ipate nafasi. Musembi hakuuliza mara mbili. Aliyabeba kwa baiskeli hadi dukani kwa Gachanja, mfanyabiashara aliyekuja kutoka upande wa Murang'a na kuoa huku huku, ambaye siku zote alikuwa akitafuta karatasi za kufungia sukari. Gachanja alikuwa mtu wa utaratibu. Alichukua jalada la kwanza, nene kama tofali, akaanza kuchana kutoka chini, barua ya zamani kwanza, akikunja koni moja baada ya nyingine.

Wiki mbili zikapita. Zilipobaki siku tatu kabla ya Siku ya Kusoma, Syokau, mke wa Mwangangi, akamkalisha mumewe jikoni.

"Baba Mutindi, hesabu hizo sukari."

"Ni nyingi."

"Ni robo kumi na tisa. Nikimtuma mtoto chumvi analeta sukari. Nikimtuma mafuta analeta sukari. Kuku wangu wakitaga anauza mayai anunue sukari. Jana amejificha ghalani anacheka peke yake. Mimi nasema tumpeleke kwa mchungaji."

Mwangangi aliona heri aanze na ghala. Alimkuta Mutindi ameketi juu ya gunia la mbaazi, magoti juu, karatasi zilizonyooshwa kwa kiganja mapajani, machozi ya kicheko yakimtoka. Hakumsikia baba yake akiingia. Mwangangi akasimama tu. Ilikuwa karibu mwaka mzima hajauona mgongo ule ukijikunja hivyo juu ya maandishi.

Kisha akaona mhuri. Kisha akaona sahihi. Ilikuwa yake.

"Mutindi. Hizo ni siri za serikali."

"Baba, nisikie hapa tu kidogo." Akasoma: "'Bwana, choo cha ofisi hii hakina mlango. Naomba mlango mmoja.' Sasa sikia mkoa: 'Barua yako imepokelewa baada ya miezi minne. Thibitisha kama choo kipo.' Sasa wewe: 'Kipo. Nimetoka huko sasa hivi.'" Akashindwa kuendelea. Alilala juu ya mbaazi.

Mwangangi alitaka kukasirika kiofisi. Lakini kwa miaka tisa aliyoandika barua hizo, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuzifurahia.

"Umefika wapi?" akauliza, sauti chini.

"Mwaka wa saba."

"Basi nikwambie, huo mlango hauku..."

Mutindi akaziba masikio kwa mikono miwili. "Baba, usiniharibie. Imebaki robo moja tu. Gachanja ameniwekea. Kuna bahasha hata hazijafunguliwa."

Hapo ndipo Bwana Mwangangi alikumbuka jambo ambalo hakuliweka kwenye ripoti yoyote. Mwaka wa saba, barua za mkoa zilipozidi kuja, aliacha kuzifungua. Alikuwa akizipiga mhuri wa IMEPOKELEWA na kuzisukuma kwenye jalada. Yeye mwenyewe, Mwenyekiti wa Operesheni, hamu ilikuwa imemwisha.

Siku ya Kusoma ilifika na wananchi wakajaa uwanjani. Meza ilitandikwa kitambaa. Bwana Kiilu aliketi katikati na saa mkononi. Mwangangi alikuwa ameweka josho la ng'ombe mbele ya binti yake, kwa ajili ya usalama wa taifa. Jana yake usiku kucha alijiambia atamkataza asisome zile karatasi. Kulipopambazuka alimtazama akifunga mkoba wake wa shule, mwepesi kama mtu anayekwenda sherehe, na lile neno la kumkataza likakataa kutoka.

Mutindi alisimama. Akasogeza josho kando. Akatoa karatasi zake zilizokunjika, punje za sukari bado zimeng'ang'ania pembeni.

"Ni kitabu gani hicho?" Bwana Kiilu akauliza.

"Ni barua, Bwana Mkaguzi. Nimezichagua mwenyewe."

"Kwa hiari?"

"Kwa sukari yangu mwenyewe."

Akaanza. Kwa barua ya tatu uwanja ulikuwa umeshaamka. Kwa barua ya sita watu walikuwa wameshikana mabega. "'Wakati jambo hili likishughulikiwa,'" Mutindi akasoma kwa sauti ya mkoa, "'afisa anashauriwa aimbe akiwa ndani, ili wananchi wajue kuna mtu.' Jibu: 'Naomba kujulishwa ni wimbo gani.' Jibu: 'Wimbo wowote usio wa siasa.'"

Kalunde, kiongozi wa akina mama wa mwethya, lile kundi la kusaidiana kazi, alisimama taratibu akiwa ameshika kiuno. "Kumbe ni hiyo? Mimi kila asubuhi nikienda sokoni nasimama hapo nje namwitikia kiitikio. Miaka. Nikasema huyu ndiye mtu wa Mungu."

"Ngoja, mama, nawe umo," Mutindi akamwambia, akageuza karatasi. "'Nimeimba mwaka mzima. Sasa mama mmoja ananiitikia, na kanisa limenichagua mzee kwa bidii yangu katika sifa. Naomba mlango kabla sijafanywa mchungaji.'"

Mchungaji mwenyewe alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yakitetemeka. Mwangangi alikuwa amekauka kitini. Dakika kumi na tano zilipita, na hakuna aliyeangalia saa, isipokuwa Bwana Kiilu, ambaye alianza kuiangalia sana. Barua zote za mkoa zilikuwa na sahihi yake.

"Muda umekwisha," akasema. "Mtoto amesoma. Nimeridhika."

"Mwisho je?" watu wakauliza.

"Mlango ulikuja ama haukuja?" Gachanja akasema kutoka nyuma. "Mimi nimeuza sukari, sijasoma."

Mutindi akatoa bahasha ya mwisho, akaichana mbele yao. Ilitoka kwa mtunza stoo wa mkoa. Akasoma polepole, kwa kuwa ilikuwa mpya hata kwake. "'Bwana, unajulishwa kwamba mlango wako ulitolewa stoo miaka miwili iliyopita. Ulipokewa kwa niaba yako na Bwana Kiilu, ambaye ameufunga nyumbani kwake kwa majaribio. Majaribio yanaendelea vizuri.'"

Musembi, mtu wa kazi, akasogeza fomu mbele ya Mkaguzi, kama taratibu zilivyotaka.

"Hamu imerudi, Bwana?"

"Imerudi," Bwana Kiilu akasema.

"Kwa maneno."

Akaandika.

"Na hapa, jina la mwandishi wa maandishi yaliyosomwa."

Bwana Kiilu aliangalia wananchi, wananchi wakamwangalia. Akaandika jina lake, kwa herufi ndogo sana.

Jumatatu iliyofuata, Kalunde na akina mama ishirini na wawili wa mwethya walivuka kwenda upande wa Makueni bila waraka wala kibali, wakang'oa mlango nyumbani kwa Bwana Kiilu, wakaubeba kwa zamu hadi ofisi ya tarafa, wakaufunga. Ulikuwa mfupi kidogo chini.

Bwana Kiilu alihamishiwa idara ya vifaa, halafu akastaafu. Mtunza stoo alipandishwa cheo kwa kuandika wazi, kisha akashushwa kwa sababu hiyo hiyo. Bwana Mwangangi alibaki tarafani. Aliacha kuimba, na mwaka uliofuata kanisa lilimwondoa uzee kwa kurudi nyuma kiroho. Syokau alipika uji mtamu hadi Desemba. Gachanja alifungua duka la pili Wote, na kule watoto humwomba wachague karatasi kabla ya kupimiwa. Vitabu arobaini na kimoja vilifungiwa kabatini, na ufunguo ulikabidhiwa kwa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa semina. Mutindi alimaliza sekondari na kuajiriwa mkoani, chumba cha kujibu barua. Huzijibu siku ile ile zinapofika. Ameshaandikiwa onyo mara mbili.