Shangazi Mkasi Abisha Hodi kwenye Lifti

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mnaochungulia simu mkijifanya mnasikiliza, sogeeni pia! Nawasimulia vita ambavyo wanahistoria, kwa uvivu wao uleule, wamevipita kimya: jinsi Shangazi Mkasi, simba jike wa cherehani, mpanuzi wa magauni ya maharusi walioapa kupungua na wasipungue, alivyolikabili sanduku la chuma liitwalo lifti.

Adui huyo aliwahi kummeza umeme ulipokatika, akamtema jioni. Tangu hapo Shangazi hakumsogelea tena, na magoti yake yalishakataa ngazi kitambo. Majaaliwa nayo, yenye utani mbaya, yakampangia bintiye nyumba ghorofa ya nane, na humo mlikuwa na mtoto mchanga ambaye bibi yake alikuwa akimbusu kwenye kioo cha simu.

Ndipo zikaletwa silaha: miwani mizito ya uhalisia pepe, imwonyeshayo mtu mahali asipokuwapo, na mshauri nasaha, sauti laini ya kijana aliyekaa mji wa mbali, akiona kwenye kompyuta yake yote ayaonayo Shangazi. Mimi, binti wa kaka yake na jemadari wa nyaya, nikamfunga mikanda kichwani.

Mumewe, shujaa wa kochi, akaliaga jeshi: "Mke wangu, umevaa bakuli usoni. Ukifika huko utusalimie."

"Nyamaza, wewe unayeogopa mende!"

Lifti ya uongo ikafunguka, tupu, inang'aa. Shangazi akasimama katikati ya zulia kama mnara.

"Hodi!" akanguruma.

Kimya.

"Hodi humu!"

"Mama, hiyo ni picha tu," akasema mshauri. "Piga hatua ukiwa tayari."

"Picha au si picha, mwanangu, mimi sikulelewa kuvamia milango."

Milango ikajifunga, ikafunguka, ikajifunga. Mabingwa walioiunda lifti ile walikumbuka hata alama za vidole kwenye vitufe. Mtu wa kuitikia hodi wakamsahau. Kipindi kikaisha. Cha pili nacho kikaisha vivyo hivyo, na shujaa wa kochi akatangaza kwamba mgeni amekataliwa.

Katika kipindi cha tatu mshauri akauliza taratibu, "Mama, siku ile umeme ulipokatika, uliita?"

Mumewe akapunguza sauti ya redio.

"Niligonga. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeitika."

Naye msomi yule, mwenye vyeti ukuta mzima, akaziweka kando mbinu zake zote, akaita: "Karibu, mama! Karibu ndani. Nipo."

Shangazi akaingia. Akapaa ghorofa zote nane bila kutoka kwenye zulia, huku akiviponda vidole vyangu.

Jumamosi ikafika zamu ya lifti ya kweli. Ndani alikuwamo fundi bomba na mabomba yake.

"Hodi!"

Fundi akageuka kutazama nyuma yake, akaona ukuta.

"Ee... karibu, mama. Angalia tu bomba lisikuguse."

Wakapaa! Mbingu hazikupasuka, tarumbeta hazikulia. Fundi alipiga chafya tu. Milango ikafunguka ghorofa ya nane, na mbele yetu mlango wa bintiye ulikuwa wazi, mtoto analia ndani.

Basi na iandikwe kwa wino usiofutika, vizazi vikasome shuleni: mlango ule, Shangazi Mkasi hakuubishia hodi.