Rangi ya Kupokelea Wakwe

Jumatatu, 3 Juni

Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yangu wanakuja kuiona nyumba na kutupa jibu kama wanaikubali ndoa. Binti yangu ni nesi wa chumba cha upasuaji. Daktari hapasui mtu mpaka yeye ampe kisu. Hilo namwambia kila mtu na sitaacha.

Sasa naosha vyombo, redio inaongea. Mtaalamu anasema rangi zina maana. Mgeni akiingia kwako, ukuta unamwambia siri zako kabla hujamkaribisha kiti. Buluu ni uaminifu. Nyekundu ni mapenzi. Manjano ni wivu.

Nikageuka kuutazama ukuta wa sebuleni. Manjano, juu mpaka chini. Sahani ikanitoka mkononi.

Ndipo nikaelewa yaliyompata jirani yangu, Mama Pacha. Mwaka jana wakwe walikuja kwake, wakanywa soda, wakaaga vizuri, hawakurudi. Sebule yake ni manjano pia. Rangi tulikwenda kununua pamoja.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia mume wangu tupake upya. Akauliza ukuta unaumwa nini. Nikamweleza habari ya wivu. Akasema ameishi na ukuta huu miaka yote na hajamwonea mtu wivu. Nikamjibu ndiyo maana hatuna gari. Akarudi kwenye gazeti lake.

Mchana Mama Pacha kachungulia dirishani. Shoga, mbona unautazama ukuta kama umekutukana? Nikasema napumzisha macho. Akaenda zake anacheka. Huyu akijua siri, atapaka kabla yangu.

Jumatano, 5 Juni

Fundi rangi amekuja. Mtu mzima, mpole, ana rangi mpaka kwenye nyusi. Nikasema nataka buluu na nyekundu. Akauliza ukuta upi uwe wa ipi. Nikasema zote mbili, kuta zote, ndoo moja. Kwani mapenzi na uaminifu hulala vyumba tofauti?

Akajikuna kichwa. Akasema, mama, ukizichanganya hizo hupati hiyo wala ile, unapata zambarau. Nikamwambia akoroge tu. Mtu aliyezaa nesi hafundishwi kuchanganya.

Amekoroga. Amepaka. Sebule imekuwa kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi.

Alhamisi, 6 Juni

Redio tena. Leo mtaalamu kafika kwenye zambarau. Anasema ni rangi ya wajane.

Nikakaa chini sakafuni. Kijana wa watu hajaoa bado, tayari nimemuua kwa brashi. Mwalimu wa hesabu, hana hata mafua. Nimempigia binti yangu kazini, nikauliza mchumba wake anaendeleaje. Mzima. Nikauliza, huwa anatazama pande zote akivuka barabara? Akauliza, mama, umefanya nini?

Nikakata simu. Nikampigia fundi. Yuko kazi ya mbali, harudi mpaka wiki ijayo.

Ijumaa, 7 Juni

Dawa imepatikana. Nyeupe ni amani, hata redio inakubali. Nimetoa mashuka yote meupe niliyomwekea binti yangu kwa ajili ya nyumba yake, nikayapigilia misumari kuta zote nne. Mume wangu kaingia, kavua kofia. Nikauliza kwa nini umevua kofia. Akasema hajui, mkono umekwenda wenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja. Nikafungua mlango kwa tabasamu. Mama mkwe akaangalia ndani, akajishika kifua. Akaingia kwa kunyata, akaninong'oneza, pole sana, mkwe wangu, mngetuambia tu tungeahirisha. Ni nani?

Baba mkwe akamshika mume wangu mkono, akasema jikaze, mzee mwenzangu. Mume wangu, badala ya kusaidia, akasema asante.

Binti yangu akasema hakuna aliyekufa. Mama mkwe akauliza, kwa hiyo nyuma ya mashuka kuna nini? Wakatazamana. Baba mkwe akasogeza kiti chake karibu na mlango. Nikajua wanaondoka, na mtoto wangu ataachwa kwa kosa la ukuta. Nikaanza kulia. Nikasema yote: wivu, ndoo, wajane, kijana wao na kuvuka barabara. Nikavuta shuka waone wenyewe. Rangi haikuwa imekauka sawasawa, shuka likaja na nusu ya ukuta.

Kisha mama mkwe akacheka mpaka mkoba ukamwanguka. Akasema alikuwa akiogopa kuja, maana amesikia mama wa nyumba hii anajisikia sana, kutwa nesi, nesi. Kumbe ni mwoga kama yeye. Akasema mtu anayemlilia mkwewe akiwa bado mzima, huyo atamtunza.

Jibu ni ndiyo. Kwa sharti moja: kwenye harusi nisiguse rangi yoyote. Binti yangu akanisimamisha mbele ya watu, nikaapa.

Jumapili, 9 Juni

Mama Pacha nimeshampa habari. Nimempa tena jioni, alikuwa hajaonyesha kuumia vya kutosha.

Baada ya hapo tukaenda kuuona ukumbi wa harusi. Manjano. Kuta, dari, mpaka mlango wa choo. Wageni wote wale, masaa yote yale, ndani ya wivu mtupu. Ndoa itafika nyumbani imeshakufa.

Binti yangu kanikazia macho. Nikamwambia kiapo changu ni kiapo, brashi sishiki.

Fundi rangi hajaapa. Nimempigia. Nimemwambia aje na ndoo kubwa.