Kutu ya Tangi na Harusi ya Asmahani

Jumamosi, 4 Oktoba

Niwie radhi, daftari langu. Miezi mitano sijakuandikia hata mstari mmoja. Hapakuwa na jambo lililostahili wino. Sasa lipo.

Mjukuu wangu Asmahani anaolewa Ijumaa ijayo. Nimemlea mwenyewe hapa Ngamiani tangu ana miaka minne. Mumewe ni wa Pangani. Nilimwahidi zamani kwamba siku ya kupelekwa kwa mumewe dereva nitakuwa mimi, na gari litakuwa lile lile la kijani lililompeleka darasa la kwanza. Leo amenikumbusha. Amesema, "Babu, mimi sipandi gari jingine."

Nimekwenda kuliwasha. Limewaka. Limefika barabara ya kumi na mbili, limezimika.

Nimerudishwa kwa kusukumwa na watu wanne. Mmoja wao ni shemeji yangu Masoud, kaka wa mke wangu. Masoud ana gari jeupe, jipya, lenye kiyoyozi. Amesukuma kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika kikombe cha kahawa. Amesema mbele ya watu kwamba gari lake lipo, niseme tu.

Sitasema.

Jumapili, 5 Oktoba

Fundi Godlisten amekuja moja kwa moja kutoka ibadani, bado amevaa tai. Ameniamkia shikamoo ipasavyo. Amefungua kichujio cha petroli na kumwaga matope mekundu kiganjani. Amesema tangi limeliwa na kutu ndani. Kila gari linapotembea, kutu inashuka na kuziba njia ya petroli. Ameshauri alishushe, alipeleke gereji, alioshe kwa dawa. Jumatano litakuwa tayari.

Nimemwambia alishushe tu. Kuosha nitaosha mwenyewe.

Ameuliza kama nimewahi kuosha tangi. Nimemjibu kwamba nimefundisha shule miaka thelathini na sita. Amechukua spana. Jibu limetosha.

Siri ni hii. Mke wangu, Mwanasiti, husugua masinia ya shaba kwa ukwaju. Sinia jeusi kama chungu hutoka linang'aa. Ikiwa ukwaju unaliweza sinia, tangi ni nini?

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekuta ukwaju jikoni, ndoo nzima, umekaa bila kazi. Nimeuchanganya na maji ya moto na kuumimina wote ndani ya tangi. Nimelificha nyuma ya banda la kuku.

Adhuhuri Mwanasiti ameuliza uko wapi ukwaju wa juisi ya harusi, ya watu mia tatu. Nimemjibu kwa utulivu kwamba umo kazini. Amekwenda nyuma ya banda, ameinama, amenusa. Amerudi na kuketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, pasipo kukuna nazi. Kisha amesema, "Mwalimu, kama kuna kitu kingine cha harusi unachokihitaji, niambie nikifiche."

Masoud amekwenda Muheza kuleta ukwaju mwingine. Kwa gari jeupe. Amerudi kabla ya alasiri, na wanawake wote uani wamemsifu. Mmoja amempa kipande cha mkate wa kumimina. Mimi sikupewa. Sikukitaka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwaga ukwaju. Umetoka mwekundu na mzito. Kuku mmoja ameonja, na tangu hapo anatembea kinyumenyume.

Kutu iliyolegea imetoka. Iliyoshikamana imebaki. Niliona zamani mafundi wakitia kokoto ndani ya tangi na kulitikisa kwa saa nyingi. Nimetia kokoto makopo mawili. Nimetikisa dakika tatu. Mgongo umekataa.

Wazo limenijia nikiwa nimelala chali. Bi Zuwena na kundi lake la ngoma wanaanza kesho kumchezea bibi harusi. Wanawake ishirini na wawili, mikono arubaini na minne, na wote ni mabingwa wa kayamba. Kayamba ni nini? Ni chombo kipana chenye vitu ndani, ambacho hutikiswa. Na tangi langu ni nini?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemkabidhi Bi Zuwena kayamba la chuma. Nimesema limetoka Mkwaja. Mwenyezi Mungu anisamehe. Lingeweza kutoka Mkwaja.

Bi Zuwena amelizunguka mara mbili. Ameuliza, "Mwalimu, makayamba ya Mkwaja yana mdomo?" Nimemjibu kwamba watu wa Mkwaja wana mambo yao. Wanawake wanne wamelishika, wawili kila upande, wakaanza.

Mtaa umetetemeka alasiri nzima. Mimi nimekaa barazani na gazeti. Masoud amepita na kuuliza ninachekea nini. Nimesema ni habari za mpira. Amesema gazeti nimelishika juu chini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wametikisa tena, tangu saa tisa hadi karibu na magharibi. Bi Zuwena amesema sauti ya leo ni tamu kuliko ya jana. Sikuuliza kwa nini. Sauti si fani yangu.

Wametua tangi, nimelipindua na kumwaga yaliyomo kwenye shimo la taka, nimelisuuza, nimelianika juu ya jiko la mkaa lililokwisha kuzimwa. Nimechungulia kwa tochi. Linang'aa kama sinia. Nimemwita Mwanasiti aone. Amekiri kwa kichwa, si kwa mdomo, lakini amekiri.

Godlisten amelifunga. Amesema anasikia kitu kidogo kikicheza ndani. Afadhali alifungue tena na kulipuliza kwa upepo. Nimemwambia kwamba anachokisikia ni usafi, hajauzoea.

Gari limewaka. Limepita barabara zote ishirini na moja bila kusita. Masoud alikuwa kibarazani kwake. Nimepiga honi. Nimerudi, nimepiga tena.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ndoa imefungwa baada ya sala. Msafara umeondoka: mimi mbele, Asmahani na Mwanasiti nyuma yangu. Masoud amefuata na gari jeupe, akiwa amembeba Bi Zuwena, Godlisten na masanduku. Nilimpangia masanduku kwa makusudi.

Tulipofika Tongoni, gari limekohoa. Limekohoa tena. Limezimika.

Godlisten amevua koti na kuingia chini. Amechomoa mpira wa petroli, akachokoa kwa waya. Imetoka mbegu. Mbegu nyekundu, yenye doa jeusi. Ikatoka ya pili. Ya saba ilipotoka, Bi Zuwena ameshuka kuangalia, na amezitambua. Amesema kokoto zilikuwa na sauti kavu, kwa hiyo jana alitia kibaba kizima cha mbegu za maturutumbi, kama lilivyo kayamba lolote la heshima.

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amesema, "Ungeniambia ni tangi, Mwalimu, ningetia petroli."

Godlisten amesema zimejaa hadi kwenye bomba. Lazima tangi lishushwe. Watu wa Pangani wamepiga simu mara mbili. Masoud amefungua mlango wa gari jeupe na kusimama pembeni. Ningependa angesema neno, nipate la kumjibu.

Asmahani hakushuka. Mwanasiti amembembeleza. Shangazi yake wa Pangani amemsihi kwa simu. Amejibu kwamba alisema hapandi gari jingine, na hapandi. Nimemwona kwenye kioo. Wanja ulikuwa umeanza kushuka shavuni. Mwanangu huyu ataingia kwa mumewe usiku, amechelewa na amelia, kwa sababu ya tangi langu.

Nimeshuka. Nimemfungulia mlango. Nimemwambia, "Mama, panda la babu Masoud." Ni maneno matano. Sijapata kusema magumu kuliko hayo.

Amefikiri. Kisha amesema atapanda kwa sharti kwamba nikae kando yake, na kwamba mtu yeyote asitaje tangi mpaka Pangani. "Nilikutaka wewe, babu. Gari nililisema kwa kuwa wewe hutoki ndani yake."

Godlisten amebaki na gari la kijani. Nimekaa nyuma, sanduku miguuni. Amenishika mkono njia nzima. Masoud ameendesha polepole na hakutaja tangi. Kiyoyozi kilikuwa kikali. Ndiyo maana macho yangu yalikuwa na maji.

Jumapili, 12 Oktoba

Asmahani yuko kwake. Amepiga simu asubuhi, anacheka. Alhamdulillahi.

Nimepata nafasi ya kutafakari kosa lilikuwa wapi. Si ukwaju. Si kokoto. Hata Bi Zuwena simlaumu. Kosa ni kuchelewa. Tangi halipaswi kusafishwa baada ya kupata kutu. Lisafishwe kabla, likiwa jipya.

Masoud amenitendea wema, na wema hulipwa. Nimemwambia nitamsafishia tangi la gari jeupe. Amesema ahsante, hapana. Nimemweleza kwa kirefu. Amesema, "Shemeji, niache nifikirie," akaenda msikitini kwa miguu, haraka kuliko kawaida yake, gari akaliacha mlangoni pangu.

Akishaamua, nitaandika. Kwa sasa nimefungua nati mbili za mwanzo, asije akakubali akanikuta sijaanza.